Joto Linaloingia Ndani ya Goti

Popote ulipo, iwe ni jikoni, dukani, shambani au umo ndani ya matatu, kama kuna kiti basi kaa, kwa sababu leo tunazungumza kuhusu goti. Na hasa tutazungumza kuhusu ile mashine ya joto inayotumiwa katika idara ya fiziotherapia, ile ambayo mgonjwa huwekewa sahani mbili pembeni mwa goti, akaambiwa atulie, na baada ya dakika chache akasikia joto linatoka ndani kama kwamba mfupa wenyewe umewekwa juani.

Mashine hii ina sifa nyingi. Wapo wanaosema imewaponya. Wapo wanaosema ni kupoteza nauli. Na wapo wachache ambao imewadhuru, na hao ndio wamenifanya niandike mazungumzo haya. Kwa hivyo, msikilizaji, kabla hujalala kwenye kile kitanda, ni vyema ujue ni kitu gani kinaingia mwilini mwako, kinafanya nini, na ni maneno gani unapaswa kumwambia mhudumu kabla hajabonyeza swichi.

Tuanze na goti lenyewe. Ukiwahi kukata paja la kuku pale kwenye kiungo, umeona ile ncha ya mfupa iliyofunikwa na kitu cheupe, laini, chenye kuteleza. Hilo ni gegedu. Sisi pia tunalo. Kazi yake ni kuufanya mfupa mmoja uteleze juu ya mwingine bila kusuguana. Shida ya gegedu ni kwamba halina mishipa ya damu, na kwa hivyo likiharibika halijirekebishi kama ngozi inavyofanya baada ya kukatwa na kisu. Umri unapoongezeka, au uzito, au ikiwa uliwahi kuumia goti ukicheza mpira, gegedu huanza kuchakaa. Kingo za mfupa huota vipande vidogo, utando wa ndani huvimba, na misuli ya paja hulegea kwa sababu mwenye goti ameanza kuliogopa.

Dalili zake wengi wenu mnazijua bila kuambiwa na daktari. Kuteremka ngazi kunauma kuliko kuzipanda. Asubuhi goti ni gumu, lakini baada ya dakika chache za kutembea linalegea. Kuchuchumaa kwenye choo cha shimo kumekuwa kazi ya kushika ukuta. Kupiga magoti kanisani, au kusujudu msikitini, umeanza kuomba kiti. Huu ndio ugonjwa wa kuchakaa kwa viungo. Watu wengi huuita baridi yabisi, lakini baridi yabisi hasa ni ugonjwa mwingine, ambao mara nyingi hushika viungo vidogo vya vidole vya mikono yote miwili na una dawa zake. Kwa sababu hiyo mtu asijipe jina la ugonjwa mwenyewe. Aende akapimwe.

Sasa tuje kwenye joto. Msikilizaji, sauti yangu inakufikia kwa mawimbi ya redio. Redio za FM hutumia mawimbi yanayotikisika kati ya mara milioni 88 na milioni 108 kwa sekunde moja. Mashine ya joto nayo hutumia mawimbi ya ukoo huohuo, ila yenyewe hutikisika mara milioni 27 na kidogo kwa sekunde, karibu na yale mawimbi mafupi ambayo wazazi wetu walikuwa wakiyatafuta usiku kwa kuzungusha kitufe polepole ili wasikie habari za mbali. Ndiyo maana mashine hii huitwa diathemi ya mawimbi mafupi. Tofauti ni kwamba mawimbi ya redio yanapokufikia hapo ulipo ni dhaifu sana, hayawezi kupasha joto hata kijiko cha maji. Kwenye mashine, nguvu yote inaelekezwa katikati ya sahani mbili, na katikati ya sahani hizo ndipo goti lako lilipo.

Mwilini mna maji mengi na chumvi. Mawimbi yanapopita, chembe za maji na chumvi huvutwa upande huu na upande ule kwa kasi kubwa mno. Fikiria umati wa watu kwenye steji ya magari jioni, wakisukumwa mbele na nyuma bila kupata nafasi ya kuondoka. Watatokwa na jasho hata kama kuna baridi. Ndivyo joto linavyozaliwa ndani ya nyama ya goti, si kwa kuingizwa kutoka nje, bali kwa msuguano wa ndani. Chupa ya maji moto au taulo ya moto hupasha ngozi na nyama iliyo karibu na ngozi, basi. Mashine hii hufika ndani zaidi. Wala si miale kama ya eksirei. Ukizima swichi, mawimbi yameisha, hakuna kinachobaki mwilini isipokuwa lile joto.

Jambo hili si geni duniani. Miaka ya 1890, mtaalamu mmoja wa Ufaransa aliyeitwa d'Arsonval aligundua kwamba umeme unaotikisika kwa kasi kubwa hauupigi mwili shoti wala kuikaza misuli, bali mtu husikia joto tu. Kutokana na hapo zikatengenezwa mashine za hospitali, na zimekuwa zikitumika kwa zaidi ya miaka mia moja.

Je, joto hilo linasaidia nini? Damu huongezeka mahali pale. Misuli iliyokuwa imekaza hulegea. Mikano huvutika kwa urahisi zaidi. Na neva zinazopeleka habari za maumivu kwenye ubongo hutulia kidogo. Mgonjwa aliyeingia akichechemea hutoka akitembea vizuri zaidi, na hapo hushukuru, na ana haki ya kushukuru. Lakini nitakuwa mwongo nikikuambia kwamba mashine imelijenga upya gegedu lako. Haijalijenga. Hakuna mashine ya joto inayofanya hivyo. Joto likiisha, goti ni lilelile, na kwa wagonjwa wengi maumivu hurudi.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa nchi mbalimbali hawakubaliani juu ya thamani yake. Mwaka 2022, taasisi ya Uingereza iitwayo NICE, ambayo kazi yake ni kutoa miongozo ya matibabu, ilisema kwamba wagonjwa wenye viungo vilivyochakaa wasipewe tiba za umeme, na mawimbi mafupi yanayotolewa kwa vipindi yakiwemo, kwa kuwa ushahidi wa faida yake hautoshi. Badala yake iliweka mbele mazoezi na kupunguza uzito. Mimi nimefanya kazi na mashine hizi, na maoni yangu ni haya: joto ni mlango. Linakupa saa moja au mbili ambapo goti haliumi sana. Ukizitumia saa hizo kwa mazoezi, umefaidika. Ukizitumia kwa kurudi nyumbani na kulala, umelipia usingizi wa bei ghali.

Nikirudi kwa wale waliodhurika. Nina kisa kimoja ambacho sijakisahau, nacho ni cha makosa yangu mwenyewe.

Nilikuwa kijana, miezi michache tu tangu nitoke chuoni. Mzee mmoja aliletwa na bintiye, goti la kulia likimsumbua. Nilisoma karatasi yake haraka haraka kwa sababu benchi lilikuwa limejaa. Nikamweka chini ya mashine, nikawasha, nikamuuliza kama anasikia joto. Akasema, "Kijana wangu, ongeza kidogo, sisikii kitu." Nikaongeza. Baada ya dakika tano akasema vilevile, na mimi, badala ya kujiuliza kwa nini mtu hasikii joto ambalo kila mtu mwingine hulisikia, nikaongeza tena. Akaondoka akiwa amefurahi, akanibariki. Asubuhi ya pili bintiye alinirudia peke yake. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Daktari, njoo uone mguu wa baba." Goti lilikuwa na malengelenge makubwa kama mayai ya njiwa. Mzee alikuwa na kisukari cha miaka mingi, na ganzi ilikuwa imepanda kutoka kwenye nyayo hadi karibu na paja. Imeandikwa pale kwenye karatasi, mstari wa tatu. Kidonda kile kilichukua zaidi ya miezi miwili kupona, na kila alipokuja kufungwa bendeji mzee aliniamkua kwa jina langu, jambo lililoniumiza kuliko kama angenitukana.

Tangu siku hiyo simwashii mtu yeyote mashine kabla ya kufanya jambo dogo lisilogharimu hata shilingi. Nachukua chupa mbili ndogo, moja ina maji ya vuguvugu na nyingine maji baridi. Mgonjwa anafumba macho. Namgusa kwenye goti kwa hii, kisha kwa ile, nachanganya mpangilio, naye ananiambia ni ipi. Akikosea, hakuna joto siku hiyo. Msikilizaji, ukienda hospitali na mhudumu akawa na haraka kama nilivyokuwa mimi, muombe kwa upole akufanyie kipimo hicho. Si kumdharau. Unamsaidia. Na kama una kisukari, au umewahi kupata ukoma, au kiharusi kilichokuachia ganzi upande mmoja, au umeona tu kwamba ndara hukuvuka mguuni bila wewe kujua, sema kabla hujalala kitandani.

Jambo la pili la kusema ni chuma. Chuma ndani ya mwili hukusanya joto, na nyama iliyo jirani nacho yaweza kuungua bila ngozi ya juu kuonyesha kitu. Siku hizi, pamoja na ajali za bodaboda, watu wengi wana vyuma na skrubu miguuni, na wengine wamesahau kabisa kwamba wanavyo. Kama uliwahi kufanyiwa upasuaji wa mfupa, hata kama ni miaka kumi iliyopita, sema. Kama una koili ya kupanga uzazi, sema pia, ili mhudumu apime mwenyewe. Lakini kubwa kuliko yote ni kifaa kinachotumia betri kilichopandikizwa mwilini, kama kile cha kurekebisha mapigo ya moyo. Mtu mwenye kifaa cha namna hiyo hapaswi kuwekewa mashine hii, wala hapaswi kuketi karibu nayo akimsubiri mwenzake. Mwezi wa Desemba mwaka 2002, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kwa hospitali baada ya wagonjwa wawili waliokuwa na vifaa vilivyopandikizwa kwenye ubongo kufariki kufuatia tiba hii. Onyo lenyewe lilisema hatari ipo hata kifaa kikiwa kimezimwa, mradi nyaya zake bado zimo mwilini.

La tatu ni mimba. Mama mjamzito, au anayeshuku tu kwamba huenda ni mjamzito, asitumie mashine hii. Hapa siongezi maneno.

Kisha kuna magoti ambayo joto huyaharibu zaidi. Goti lililovimba ghafla, jekundu, la moto kulishika, na mwenyewe ana homa, si goti la kupelekwa fiziotherapia. Huenda lina usaha ndani, na usaha hula gegedu kwa siku chache. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Vivyo hivyo goti lililovimba polepole kwa miezi, mwenyewe akikonda na kutokwa jasho usiku. Kifua kikuu hakikai kifuani peke yake. Hushuka hata kwenye goti. Wala usipashe joto mguu wenye uvimbe wa saratani, au ambao ndama ya mguu imevimba na inauma, kwa kuwa huenda kuna damu iliyoganda ndani ya mshipa.

Haya, tuseme umepimwa, hakuna lolote kati ya hayo, na daktari amekuandikia joto. Goti liwe wazi na kavu. Jasho likijikusanya kwenye mkunjo wa ngozi, mawimbi hukusanyika pale na kuchoma, ndiyo maana taulo kavu huwekwa kati ya ngozi na sahani. Kitanda kiwe cha mbao. Nyaya za mashine zisikuguse. Joto linalofaa ni la kiasi, la kupendeza, kama jua la saa mbili asubuhi. Wagonjwa wetu wana tabia ya kuvumilia, hasa wazee, wakidhani kwamba joto likizidi na dawa inazidi. Si kweli. Likichoma, piga kelele. Muda wa kawaida ni dakika 15 hadi 20. Na hakikisha anayekuhudumia ana leseni. Baraza la Fiziotherapia la Kenya lipo kisheria tangu sheria ya mwaka 2014, na mhudumu aliyesajiliwa hataona vibaya ukimuuliza.

Baada ya joto, usikimbilie viatu. Hapa ndipo kazi inapoanza. Keti kwenye kiti, mgongo umenyooka. Nyoosha goti taratibu mpaka mguu uwe sawa mbele yako, uushike hapo ukihesabu hadi kumi, kisha uteremshe polepole. Kuteremsha ndiko kunakojenga misuli, kwa hivyo usiuangushe. Fanya mara kumi, kisha mguu wa pili, hata kama hauumi. Halafu inuka kutoka kwenye kiti bila kushika kitu, uketi tena, mara tano au sita. Kama huwezi, ongeza blanketi lililokunjwa juu ya kiti ili kipande juu kidogo, na siku zikienda uliondoe. Mazoezi haya hayahitaji stima. Stima ikipotea wiki nzima, kiti bado kipo. Yatauma kidogo mwanzoni; maumivu yanayotulia kabla ya kesho yake si mabaya. Ni wiki sita hadi kumi na mbili kabla hujaona tofauti ya kweli, na wengi huacha wiki ya tatu.

Kuhusu uzito nitasema jambo moja tu, maana najua mnachoka kuambiwa. Watafiti wa Marekani walipima mwaka 2005 wakaona kwamba kila kilo moja mtu anayopungua huliondolea goti mzigo wa kilo nne katika kila hatua. Hesabu mwenyewe hatua za kutoka nyumbani hadi sokoni.

Kuna joto lingine la mawimbi ya redio ambalo baadhi yenu mmelisikia kwa jamaa walio ng'ambo au katika hospitali kubwa, nalo si hili la sahani mbili. Hili hutumia sindano. Daktari, akiongozwa na eksirei au skani, huingiza sindano nyembamba hadi karibu na neva ndogo tatu hivi zinazobeba maumivu ya goti. Ncha ya sindano hupashwa joto kwa mawimbi hayo, kwa kawaida nyuzi 70 hadi 80 kwa dakika moja au zaidi kidogo, na neva huungua. Goti linabaki vilevile, lakini habari za maumivu hazifiki ubongoni. Madaktari wa Korea Kusini walichapisha utafiti wao mwaka 2011, na mwaka 2017 Marekani iliruhusu kifaa cha namna hiyo kwa maumivu ya goti lililochakaa. Wengi hupata nafuu ya miezi sita, wengine mwaka, kisha neva huota tena. Kabla yake hufanyiwa jaribio kwa dawa ya ganzi: kama ganzi haikupunguza maumivu, sindano ya joto nayo haitasaidia, na mwenyewe ameokoa pesa zake. Ni tiba ya mtu ambaye mazoezi na dawa vimeshindwa na upasuaji wa kubadilisha goti haumfai au bado anaungojea. Si ya kuanzia, na si ya kuuza shamba.

Na nikitaja pesa, wale wanaopita masokoni na kwenye mikutano wakiwalaza watu bure juu ya mikanda na vitanda vya joto, kisha siku ya saba wakawatajia bei: joto lao mara nyingi ni la ngozi tu, halitofautiani sana na taulo iliyochovywa kwenye maji moto na kukamuliwa. Taulo unayo tayari. Jipimie joto lake kwa kiwiko kwanza, kama unavyopima maji ya kumwogesha mtoto, na mwenye ganzi amwombe mwingine ampimie.

Kama una miadi kesho, vaa nguo pana inayopanda juu ya goti bila kubana. Saa, bangili, funguo, sarafu na simu vyote mwachie aliyekusindikiza. Aliye na kifaa cha kusaidia kusikia akitoe, na kwa kuwa hatasikia vizuri, wakubaliane na mhudumu ishara ya mkono ya kusema "punguza". Beba ile karatasi ya kliniki ya kisukari, na uiweke juu ya nyingine zote.

Mimi ni mtaalamu wako wa fiziotherapia. Wiki ijayo, majaliwa, tutazungumza juu ya maumivu ya mgongo kwa akina mama wanaobeba kuni na maji. Kwaheri.